Mashine ya Kufulia Ni Zana, Si Pambo la Sebuleni

Vumbi la Karatu ni jekundu, na shati la mwanafunzi wa shule ya msingi ni jeupe. Kutokana na mambo hayo mawili huzaliwa kazi kubwa ambayo hufanyika kila jioni na kila Jumamosi katika nyumba za walimu, waganga, makarani na mabwana shamba, kuanzia Rhotia hadi Mang'ola, na kupanda msituni hadi Nainokanoka na Endulen. Kazi hiyo haiandikwi katika taarifa yoyote ya utekelezaji. Haina likizo wala posho. Hata hivyo ikiachwa kwa juma moja tu, shule, zahanati na ofisi zote zitaiona.

Ni dhahiri pia nani anayeifanya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi nyingi kupita kiasi, wakati mwingine kwa saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na siku za sikukuu. Miaka mingi imepita tangu maneno hayo yaandikwe. Mwalimu wa kike bado husahihisha madaftari usiku kwa sababu mchana wa Jumamosi umeishia kwenye beseni. Binti wa darasa la saba bado hufua nguo za kaka zake wakati kaka zake wanajisomea. Mbele ya mtihani wa taifa, watoto hao huhesabiwa kuwa sawa.

Kwa hiyo ni jambo la kufurahisha kwamba mashine ya kufulia imeanza kuingia katika nyumba za watumishi wa kawaida, baada ya kuonekana kwa muda mrefu kuwa mali ya hoteli za watalii na ya matajiri wa mjini. Mashine hiyo ni zana ya kazi kama jembe na cherehani, na mtumishi anayeinunua hastahili kuitwa mpenda anasa. Lakini zana huchaguliwa kwa kazi yake. Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea, na kosa lenyewe huwa la gharama kubwa.

Kosa huanzia dukani. Mnunuzi hufika Arusha, umbali wa kilometa 140 hivi kutoka Karatu, akiwa na fedha za mkopo mfukoni. Huvutiwa na mashine yenye mlango wa kioo mbele, taa za rangi na vifungo vingi. Huinunua na kuisafirisha, na majirani huitwa kuja kuitazama. Baada ya miezi michache inakuwa meza ya kuwekea televisheni, kwa sababu maji hayapandi, au umeme umeiunguza, au fundi hapatikani. Mkopo nao unaendelea kukatwa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abakiwe angalau na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Theluthi hiyo ndiyo chakula cha watoto, na haifai kuchezewa kwa ajili ya kifaa ambacho hakikupimwa kwanza na mazingira ya nyumbani.

Jambo la kwanza la kupima ni wingi wa nguo. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Wastani huo haufanani na nyumba ya mwalimu mkuu anayeishi na watoto wake saba, mama yake mzazi na mpwa aliyeletwa kusoma. Ikichukuliwa kwamba kila mmoja wa watu 10 huchafua kilo 2 za nguo kwa juma, shuka zikiwamo, nyumba hiyo ina kilo 20 za kufua. Mashine ya kilo 5 itazunguka mara 4 au zaidi. Ya kilo 10 itamaliza kwa mara 2 au 3. Ieleweke kuwa kilo zinazoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu, na kwamba mashine inayojazwa hadi pomoni kila siku haidumu. Familia kubwa inapochagua, ni heri ipunguze madoido ili ipate ukubwa.

Jambo la pili ni maji, na kwa Karatu ndilo kubwa kuliko yote. Maji ya sehemu hizo hutegemea chemchemi zinazolishwa na msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro pamoja na visima virefu vinavyohitaji pampu. Ndoo moja ya maji ina jasho la mtu au fedha ya mtu ndani yake. Mashine inayojiendesha yenyewe na kufunguliwa kwa juu huweza kutumia lita 120 au zaidi kwa mzunguko mmoja. Ile ya mlango wa mbele hutumia maji machache zaidi, kiasi cha lita 50, na kwa haki sifa hiyo haina budi kutajwa. Tatizo lake ni kwamba haikubali kumiminiwa maji kwa ndoo kama beseni. Huyataka yaje yenyewe kwa bomba, tena kwa nguvu. Mashine nyingi za namna hiyo huhitaji msukumo unaolingana na tangi lililoinuliwa kiasi cha meta 5 juu ya mashine. Tangi la nyumbani lililowekwa juu ya mnara wa meta 3 halitoshi, na bomba linalotoa maji siku mbili kwa juma halitoshi kabisa.

Ipo aina ya tatu, ambayo wauzaji huiweka nyuma ya duka kwa kuwa haina mng'ao. Hiyo ni mashine ya matangi mawili: tangi moja la kufulia na jingine dogo la kukamulia. Hujazwa maji kwa ndoo, kwa dumu au kwa mpira. Mtu huzungusha saa yake kwa mkono, nguo zikafuliwa. Kisha huzihamishia upande wa pili zikakamuliwa. Nchini Uingereza mashine za aina hiyo zilikuwa za kawaida katika nyumba za wafanyakazi miaka ya 1960, kabla ya kila nyumba kuzoea mashine za kujiendesha. Kwa kawaida bei yake ni chini ya nusu ya bei ya mashine ya mlango wa mbele yenye ukubwa ulio sawa nayo.

Faida yake kubwa ni kwamba humwachia mfuaji madaraka juu ya maji. Lita 60 za maji ya sabuni zinaweza kuanza na mashati meupe ya shule, zikaendelea na nguo za rangi, zikamalizia na nguo za shamba. Maji ya kusuuzia nguo nyeupe yanaweza kusuuzia yale mafungu mengine, na mwisho yakaosha sakafu na choo. Kwa mpango huo kilo 20 za nguo huweza kufuliwa kwa lita 180 hivi, yaani madumu 9. Mashine ya kujiendesha ya kufungulia juu, kwa mizunguko 3 tu, ingemeza madumu 18 na kuyamwaga yote. Aidha, sabuni ya unga ya kawaida, yenye povu jingi, haileti matatizo katika matangi mawili, ilhali katika mashine ya mlango wa mbele povu hilo huweza kuisumbua na kuidhuru.

Jambo la tatu ni umeme. Viwango vilivyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016 viliweka shilingi 100 kwa kila uniti kwa nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Mstari huo wa 75 ndio unaopaswa kuangaliwa. Mashine inayochemsha maji yake yenyewe huweza kutumia uniti 1 kwa mzunguko. Mizunguko 17 kwa mwezi ni uniti 17. Nyumba iliyokuwa na matumizi ya uniti 70 inajikuta imevuka mstari. Mashine ya matangi mawili haina chombo cha kuchemshia. Mota yake ya wati 400 ikifanya kazi kwa robo saa hula sehemu moja ya kumi ya uniti, na mizunguko hiyo hiyo 17 haifikishi uniti 3. Ni kweli kwamba tangu Februari 2024, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha, Taifa limepata umeme mwingi zaidi. Lakini wingi wa umeme katika gridi haujazi mkoba wa mwalimu.

Jambo la nne ni uimara, ambao hauonekani kwa kutazama rangi. Mnunuzi aulize kama mota imesukwa kwa waya wa shaba au wa aluminiamu, kwa kuwa shaba huvumilia joto zaidi. Aulize kama mkanda, kapasita, saa na mpira wa kuzuia maji vinapatikana madukani. Apindue mashine aone kama chini imefungwa kwa wavu, maana panya huingia na kukata nyaya. Zaidi ya yote aulize ni fundi gani wa Karatu atakayeitengeneza. Mashine ya matangi mawili ina vipuri vichache ambavyo fundi wa mota anavielewa. Mashine yenye ubao wa elektroniki huhitaji mtaalamu, na ubao huo ndio wa kwanza kuungua umeme unapopanda na kushuka. Anayeamua kuinunua hata hivyo, basi na anunue pia stabilaiza, na aiweke katika hesabu ya bei tangu mwanzo.

Mashine hii ya matangi mawili ina kasoro zake. Humtaka mtu awe karibu, ahamishe nguo zilizolowa kwa mikono na abadilishe maji. Plastiki yake huchakaa ikiachwa juani. Tangi la kukamulia huzunguka kwa kasi, na halifai kufunguliwa na mtoto kabla halijasimama. Kwa kuwa hutumika penye sakafu iliyolowa, ni lazima soketi iwe na waya wa ardhi uliofungwa na fundi umeme anayetambulika. Familia isiyoweza kutimiza sharti hilo la mwisho haijawa tayari kununua mashine yoyote.

Hata hivyo tangi hilo dogo la kukamulia lina thamani ya pekee kwa watumishi wa Ngorongoro. Ukingo wa kreta uko zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa masika ukungu hukaa hadi adhuhuri. Huko tatizo la kufua huwa nusu tu; nusu ya pili ni kukausha. Sare iliyokamuliwa kwa mkono huanikwa Jumamosi ikavaliwa Jumatatu ikiwa bado na unyevu, mtoto akakohoa darasani. Iliyokamuliwa kwa mashine hubaki na maji kidogo, na saa chache za upepo humaliza kazi.

Kwa mwalimu aliye mbali na nguzo za umeme, ushauri ni wa tahadhari. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule ulioandikwa kwenye kibao chake, na mtambo mdogo wa jua wa kuwashia taa na kuchajia simu hauwezi kuubeba. Hapo ndipo SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina nafasi ya kutengeneza mashine imara ya kuzungushwa kwa mkono. Pipa, ekseli na mpini si vitu vinavyohitaji kuagizwa ng'ambo.

Wengine pia wana wajibu. VETA haina budi kuwafundisha vijana wa wilaya hizi ufundi wa vifaa vya nyumbani, ili mashine isisafirishwe kilometa 140 kwa ajili ya mkanda mmoja. TBS na Tume ya Ushindani ziendelee kuwaandama wauzaji wa bidhaa bandia. Mnunuzi naye adai risiti ya EFD na hati ya dhamana yenye tarehe, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari. Vyama vya akiba na mikopo vya watumishi vinaweza kununua mashine kadhaa kwa pamoja, za aina moja, ili bei ipungue na vipuri vifanane. Hiyo ni njia bora kuliko kila mtumishi kukimbilia kwa mkopeshaji wa mtaani anayeshikilia kadi yake ya benki.

Lakini hakuna chama wala shirika litakalomaliza suala lililo ndani ya nyumba. Baba mwenye nyumba anayenunua mashine kisha akakaa kivulini akimsubiri mkewe aiendeshe, atakuwa amebadilisha beseni tu. Kuzungusha saa ya mashine na kuanika shuka hakuhitaji jinsia. Mvulana anaweza kujaza tangi sawasawa na dada yake. Mashine itakuwa imelipa bei yake siku binti huyo wa darasa la saba atakapoketi na kitabu chake Jumamosi asubuhi, nguo zikiwa tayari kambani, na mwalimu, mama yake, akiwa amemaliza kusahihisha madaftari kabla ya jua kuzama.

Basi, kabla ya kuweka sahihi kwenye fomu ya mkopo, kila familia na ikae chini na kuhesabu watu, madumu, uniti na mafundi. Itakayofanya hivyo huenda ikarudi nyumbani na mashine isiyowavutia majirani, lakini Jumamosi itakuwa imeipata.