Kongoti wa Garissa Wahesabiwe Kabla ya Ajali

Mhariri,

Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwajulisha wakazi wa Garissa kwamba hirola, swala adimu wa upande wa Ijara, walikuwa wamebaki 497 tu. Kuhusu kongoti, yaani korongo mkubwa mwenye upara na kifuko kinachoning'inia shingoni, ambaye hulala juu ya migunga ya mjini na kuruka si mbali na uwanja wa ndege, wakazi hao wanalalamika kwamba hawatangaziwi lolote.

Ndege huyu, anayeweza kufikia kilo 9, hula mizoga na mabaki ya nyama, hivyo hufuata machinjio, soko la mifugo na majaa ya taka. Na kwa kuwa ni mzito, husubiri ardhi ipate joto ndipo apande kwa kuzunguka ndani ya hewa moto inayoinuka, hali ambayo jua la Garissa humpatia karibu kila siku. Kinachohitajika basi ni ufuatiliaji, maana yake kuhesabu mara kwa mara, mahali palepale na kwa njia ileile, alfajiri kongoti wanapoacha miti wanakolala na tena jua linapopanda, huku kimo na mwelekeo wao vikiandikwa, kwa sababu hesabu ya mara moja haimwelezi rubani ni saa ngapi anga imejaa.

Hatari ya ndege wa angani kwa abiria si ya kubuni: tarehe 15 Septemba 1988, huko Bahir Dar, Ethiopia, injini zote mbili za Boeing 737 zilimeza njiwa wakati eropleni hiyo ilipokuwa ikipaa, na watu 35 wakafa. Njiwa hao hawafiki hata nusu kilo.

Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya taka na Serikali ya Kitaifa usafiri wa anga, mgawanyo unaofanya iwe rahisi mno kwa mlalamikaji kuzungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, ilhali kongoti ni yuleyule jaani na angani. Kumuua si dawa, kwani chakula kikibaki wenzake watakuja, na mji utapoteza msafishaji wa mizoga. Ofisi zote mbili zihesabu kwa pamoja, zikague majaa yote yaliyo ndani ya kilomita 13 kutoka uwanjani, umbali unaotajwa katika miongozo ya kimataifa ya usafiri wa anga, na zitangaze matokeo kila mwezi kwa Kiswahili na Kisomali.

Mkazi,
Garissa