Mtazamaji Ananunua Nini?

Anayenunua tiketi ya mchezo wa kuigiza hulipa kabla ya kuona. Hawezi kuonja kwanza, na taa za ukumbi zikishazimwa hawezi tena kurudisha alichonunua. Analitegemea neno la waandalizi katika mambo matatu: atalipa kiasi gani, ataona nini kutoka kwenye kiti alichopewa, na mchezo utakaochezwa ni upi hasa. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya mtazamaji, na hoja ninayotaka kuifungulia mlango ni kwamba mambo hayo matatu ni ahadi moja. Likiguswa moja, mawili yaliyobaki lazima yapimwe upya, na mtazamaji aambiwe kabla hajatoa pesa. Bila hivyo anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na bei. Kutofautiana kwa bei ukumbini ni jambo la kale, na si dhuluma. Mwaka 1599 msafiri kutoka Uswisi, Thomas Platter, alitembelea kumbi za London na kuandika utaratibu aliouona. Aliyetaka kusimama uwanjani, chini ya jukwaa, alilipa peni moja. Aliyetaka kukaa aliingia mlango wa pili na kuongeza peni nyingine. Aliyetaka mto wa kukalia, mahali ambapo angeona vizuri na yeye mwenyewe kuonekana, aliongeza ya tatu kwenye mlango unaofuata. Utaratibu ule haukuwafanya watu kuwa sawa, lakini ulikuwa wazi. Bei ilijulikana na wote, na kila peni ilimpeleka mtu mahali ambapo angeweza kupaona kwa macho yake.

Ukumbi wa Globe uliojengwa upya kando ya mto Thames na kufunguliwa mwaka 1997 umeuhifadhi uwanja huo. Watu wapatao 700 husimama mbele ya jukwaa, na kwa miaka mingi tiketi yao iliuzwa pauni 5. Jukwaa lenyewe lina nguzo mbili nene zinazobeba paa, nazo huwaziba waigizaji kila wanapopita nyuma yake. Mwenye pauni 5 husogea hatua mbili akaendelea kuona. Mwenye kiti cha ghali pembeni hana pa kusogea. Tayari hapo tunajifunza kwamba bei na kuona ni vitu viwili tofauti, na kwamba kuvilinganisha ni kazi ya mwenye ukumbi.

Siku hizi kazi hiyo imeachiwa soko na kompyuta. Mwaka 2001 waandalizi wa The Producers, mjini New York, walianza kuuza baadhi ya viti kwa dola 480, wakisema afadhali pesa hiyo iingie kwenye mchezo kuliko kuishia mifukoni mwa walanguzi. Mwaka 2016 Hamilton ilipandisha viti vyake bora hadi dola 849, huku ikiendesha bahati nasibu ya tiketi za dola 10. Mwaka 2025 Othello iliyochezwa na Denzel Washington na Jake Gyllenhaal iliuza viti kwa hadi dola 921. Kampuni ya Disney nayo, kwa The Lion King, ilikuwa imeonyesha njia nyingine. Ilitumia programu ya kompyuta kupendekeza bei kulingana na msimu na siku, na hadi mwaka 2014 ilikuwa haijavuka dola 227 kwa tiketi, lakini ikawa inaongoza Broadway kwa mapato.

Gharama ni za kweli, na asiyezitaja hawatendei haki waandalizi. Wanauchumi William Baumol na William Bowen walilieleza jambo hili mwaka 1966. Kiwandani mashine mpya humwezesha mfanyakazi mmoja kutengeneza bidhaa nyingi zaidi kwa saa ile ile, lakini mchezo wa saa tatu uliohitaji waigizaji kumi na watano zama za Shakespeare unahitaji saa zile zile na watu wale wale leo. Mishahara hupanda pamoja na uchumi wote, kazi haipungui, basi gharama ya kila onyesho hupanda. Tena kiti kisichouzwa leo usiku hakiwezi kuwekwa ghalani kiuzwe kesho.

Tatizo langu na kompyuta ni kwamba inajua watu wangapi wanataka kuingia Jumamosi, lakini haijawahi kukaa nyuma ya nguzo. Inapima hamu ya mnunuzi na kuacha kupima anachokipata. Matokeo yake ni majirani wawili wanaoona jukwaa lile lile, mmoja akiwa amelipa mara mbili ya mwenzake kwa sababu tu ya saa aliyoingia mtandaoni. Bahati nasibu ya dola 10 ni jambo jema, lakini anayeipata ameokolewa na bahati. Mtu wa kipato cha kawaida anahitaji kiti anachoweza kukipangia bajeti mwezi mmoja kabla.

Inawezekana. Mwaka 2003 Nicholas Hytner, alipoanza kuliongoza National Theatre la London, alipata mfadhili akauza theluthi mbili ya viti vya ukumbi mkubwa wa Olivier kwa pauni 10 msimu mzima. Hakupunguza bei peke yake. Alipunguza pia mapambo na majenzi ya jukwaani, akachagua michezo inayoweza kusimama bila mandhari ya gharama kubwa, na akafanya hivyo katika ukumbi uliopangwa kama kipepeo cha mkono, kwa kufuata mfano wa majukwaa ya Ugiriki ya kale, ambamo hata wa pembeni anaona. Bei, kiti na mchezo vilifikiriwa kwa pamoja.

Nije kwenye kiti. Kumbi nyingi za zamani za Ulaya zilijengwa kwa umbo la kiatu cha farasi, roshani zikipanda juu ya roshani. Vibanda vya pembeni vilikuwa vya matajiri waliokuja kutazamwa sawa na kutazama, kwa hiyo hakuna aliyejali sana kwamba kutoka pale robo ya jukwaa haionekani. Roshani zilibebwa na nguzo za chuma zilizosimama katikati ya watazamaji. Mwishoni mwa karne ya 19 mihimili ya chuma cha pua iliyoshikiliwa upande mmoja tu iliwezesha roshani kuning'inia bila nguzo, lakini kumbi za awali bado zinatumika na haziwezi kubomolewa kila kizazi. Ndiyo maana tiketi za London hubeba onyo kwamba kiti hiki kina kizuizi.

Siombi viti hivyo viondolewe. Mwanafunzi anayeridhika kukosa kona ya kushoto ya jukwaa ili aweze kuingia apewe nafasi hiyo. Ninachodai ni onyo lenye maana. Kiti hakina mwonekano wake chenyewe. Mwonekano unazaliwa kiti kinapokutana na mchezo fulani. Nguzo iliyoziba dirisha la pembeni katika mchezo uliopita huenda wiki hii imeziba kitanda cha mgonjwa ambapo hadithi nzima inatokea. Reli ya roshani isiyomsumbua mtu kwenye mchezo wa sebuleni itamnyima mtazamaji nusu ya ngoma inayochezwa ukingoni mwa jukwaa.

Chukua The Lion King, mchezo ambao kila Mswahili anaujua walau kwa majina ya Simba na Rafiki. Katika ukumbi wa Lyceum mjini London umekuwa ukichezwa tangu 1999. Mwongozaji Julie Taymor aliufungua kwa msafara wa wanyama: tembo, ndege na swala wanaingia kupitia njia za katikati ya watazamaji, wakipita bega kwa bega na waliokaa chini, kuelekea jukwaani. Aliye chini anageuka na kukuta mguu wa tembo karibu na magoti yake. Aliye safu za nyuma za roshani anasikia shangwe, anaona wenzake wa chini wakigeuza shingo, na anawangoja wanyama wafike jukwaani. Hakuna nguzo hata moja mbele yake, na chati ya ukumbi inaweza kusema kiti chake hakina kizuizi. Kwa mchezo ule, kinacho.

Jambo la tatu ni mabadiliko ya mchezo. Les Misérables ilifunguliwa London tarehe 8 Oktoba 1985 juu ya jukwaa linalozunguka lililobuniwa na John Napier. Katika sura ya vita vya mitaani, kizuizi kikubwa cha mbao na samani kiligeuzwa mzima mzima, na hadhira ikaona upande wa pili: kiongozi wa vijana, Enjolras, amelala amekufa juu ya bendera nyekundu. Utayarishaji huo ulifungwa Julai 2019. Mchezo uliporudi Desemba mwaka huo huo, katika ukumbi ule ule uliokarabatiwa na kupewa jina la Sondheim, ulikuwa na waongozaji wapya na mandhari mpya, na jukwaa halikuzunguka tena. Mwaka 2021 The Phantom of the Opera ilirudi London baada ya janga la korona, na okestra yake ya wanamuziki 27 imekuwa ya wanamuziki 14. The Lion King yenyewe, mwaka 2010, iliondoa mjini New York wimbo wa ndege Zazu wa ripoti ya asubuhi, na onyesho likapungua takriban dakika tisa.

Kubadilisha ni haki ya wasanii. Jukwaa lisilobadilika hugeuka makumbusho, na yapo mabadiliko yanayouponya mchezo uliochoka. Lakini katika visa vyote hivi jina lilibaki lile lile. Mtu aliyeuona mchezo miaka ishirini iliyopita na sasa anampeleka mwanawe, akiwa amejinyima ili wakae pamoja, ana haki ya kuambiwa kwamba kile alichosimuliwa mtoto hakipo tena. Na jukwaa likiacha kuzunguka, thamani ya viti vya pembeni inabadilika pia, kwa sababu kilichokuwa kikiletwa mbele ya kila mtu sasa kinakaa mahali pamoja. Chati ya bei ipigwe upya siku hiyo hiyo.

Tusidhani haya ni ya wenye kumbi za dhahabu tu. Huku kwetu nguzo zetu ni kamera, spika na viti vya VVIP. Sakafu ni bapa, jukwaa liko juu kidogo tu, na meza za wageni maalumu zimejaza mbele. Mpiga picha anasimama katikati na mguu wake wa kamera, na aliyelipa tiketi ya kawaida anautazama mchezo kupitia kwapa la mpiga picha. Hakuna aliyemwambia alipokuwa akituma pesa kwa simu.

Kisa kinachoniumiza zaidi ni cha wanafunzi wa sekondari nchini Kenya wanaopelekwa kuona maigizo ya setibuku, yaani vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa, iwe Bembea ya Maisha ya Timothy Arege au, kabla yake, Kigogo ya Pauline Kea. Mzazi ametoa pesa, na basi limetoka shuleni alfajiri. Ukumbini mna mamia ya watoto kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa nyuma moja kwa moja, kiti nyuma ya kiti, na kuanzia safu ya kumi watoto wanaona visogo vya wenzao. Maikrofoni ni mbili, zinapokezanwa, na mwigizaji asiyekuwa nayo hasikiki. Kisha kikundi, ili kiwahi onyesho la pili mchana, kinaruka sura nzima, kinaunganisha wahusika wawili kuwa mmoja na kuongeza vichekesho visivyomo kitabuni. Mtoto anarudi akiamini ameiona tamthilia, na mtihani utamuuliza juu ya kile kilichorukwa. Bei, kiti na mchezo, vyote vitatu vimevunjwa asubuhi moja.

Wakati huo huo tunao urithi unaotuonyesha njia bora. Mwaka 1977, Kamiriithu karibu na Limuru, wanakijiji walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi la watu wapatao 2,000, na hapo wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa hadharani. Watu walikuja, wakasikiliza, wakasahihisha maneno na kusema mhusika wa rika fulani hawezi kuongea hivyo, na tamthilia ikabadilishwa mbele yao. Serikali iliondoa kibali mwezi Novemba mwaka ule, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Lakini mfano haukubomolewa: mabadiliko ya mchezo yanaweza kufanywa pamoja na mtazamaji, na yeye akayaona kuwa yake.

Kwa hiyo tunawaomba waandalizi mambo yanayowezekana msimu huu. Bei kamili, pamoja na ada zote, itajwe mwanzo, kama sheria ya jimbo la New York inavyodai tangu 2022. Siku ya zoezi la mwisho, mwongozaji na muuza tiketi wakae pamoja kwenye viti vibaya kuliko vyote, waandike kisichoonekana, na maandishi hayo ndiyo yawe maelezo ya tiketi. Viti vipangwe kwa kupishana, na kamera ziende pembeni. Sura ikikatwa, au mwigizaji mkuu akibadilishwa, tangazo liseme, na kwenye onyesho la setibuku mwalimu apewe orodha ya yaliyorukwa kabla hajakusanya pesa. Katika kila onyesho iwepo safu moja ya bei nafuu iliyo mahali pa kuona, isiyotegemea bahati nasibu.

Makala zinazofuata zinalitazama suala hili kutoka upande wa wajenzi wa kumbi, wa waandalizi na wa watazamaji wenyewe. Wengine wanapingana nami, nami nimewapa nafasi kwa moyo mkunjufu. Lakini katika hili sitarudi nyuma: sanaa ya jukwaa katika nchi zetu haina ruzuku ya kuitegemea, inaishi kwa watu wanaorudi mara ya pili na kuja na jirani. Aliyeambiwa ukweli akachagua kiti cha nyuma ya nguzo kwa bei ya nguzo atarudi. Aliyefichwa hatarudi, na atawaeleza wenzake sababu.