Saa Nne Asubuhi Ni Usiku wa Manane

Ubishi unaoendelea kati ya wataalamu wetu wa fiziotherapia wa Dallas, Fort Worth na Houston umenichosha. Kambi moja inasema usingizi wa mgonjwa mwenye maumivu sugu ya mgongo ni shauri la daktari wake. Sisi tubaki na viungo na misuli. Kambi ya pili imechapisha karatasi ya rangi yenye nasaha: zima simu, chumba kiwe giza, usinywe kahawa jioni. Toleo hili limetokana na ubishi huo, na msimamo wangu siufichi. Wa kwanza wamekosea, na wa pili hawajamwona mgonjwa.

Sirudii ya darasani. Mapitio ya Finan, Goodin na Smith ya mwaka 2013 yalishaonyesha kuwa usingizi mbovu hubashiri maumivu vizuri zaidi kuliko maumivu yanavyobashiri usingizi. Mwaka 2019 Krause na wenzake wakaonyesha kwa picha za ubongo kwamba mtu aliyekesha, eneo linalopokea hisia za maumivu huchachamaa, na maeneo yanayosaidia kuyatuliza hupungua kazi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ainame na kuinua uzito, atalalamika kuwa anaumia, na hasemi uongo. Sisi tunaandika kwenye faili lake kwamba hafuati maelekezo.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Wagonjwa wetu wengi wa Afrika Mashariki na Kongo wanabeba boksi kwenye maghala au wanaangalia wazee, na wengi wako zamu ya usiku. Mchukue dada anayetoka ghalani saa kumi na mbili asubuhi. Anapita nyumbani, anawapeleka watoto shule, na miadi yake kliniki ni saa nne. Kwa ratiba yake, saa nne hiyo ni usiku wa manane. Anasinzia kidogo ndani ya gari pale maegeshoni, anaingia macho mekundu, tunamuuliza maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10, anasema 8, nasi tunapunguza mazoezi. Tumepima mgongo au tumepima mkesha? Akiondoka tunamkabidhi ile karatasi inayomkataza kahawa jioni, wakati jioni ndiyo asubuhi yake.

Swali la usingizi, likiwemo kwenye fomu, huwa ni moja: unalala saa ngapi kwa siku? Akijibu saa 6, hatujajua kitu, kwa maana huenda ni saa 3 baada ya kupeleka watoto shule na saa 3 nyingine kabla ya kurudi kazini. Tumuulize analala kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, siku za kazi na siku za mapumziko, na nani yuko nyumbani akipiga kelele wakati huo. Kisha tumpe miadi ya alasiri, akishaamka. Hilo halihitaji shahada mpya. Linahitaji mtu wa mapokezi aliyeelekezwa.

Kwa Texas hili lina uzito wa pekee. Tangu tarehe 1 Septemba 2019 sheria inamruhusu mgonjwa kuanza matibabu kwetu bila rufaa kwa siku 10 za kazi, au 15 kwa mtaalamu mwenye sifa za ziada. Tuliishangilia sana. Lakini mwenye siku 10 hana siku ya kuchezea, na katika jimbo ambalo halijapanua Medicaid, wengi hulipia kila ziara kutoka mfukoni.

Najua nitajibiwa kuwa ushahidi haujakamilika. Kweli, tafiti za kutibu usingizi ili mgongo upone zinatoa majibu mchanganyiko. Usingizi hutengemaa upesi kuliko maumivu. Najua pia kwamba tangu 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kimeiweka tiba ya kitabia mbele ya vidonge kwa wenye kukosa usingizi kwa muda mrefu. Ni tiba nzuri, ya wiki 6 hadi 8 hivi, kwa mwenye nafasi ya kulala lakini usingizi hauji. Dada wa ghalani usingizi anao, nafasi ndiyo hana.

Mengine yaliyomo: makala ya magodoro inakumbusha utafiti wa Uhispania wa 2003, wagonjwa 313, ambapo godoro gumu lilishindwa na la ugumu wa wastani, wanaolala sakafuni kwa ushauri wa wajomba waisome. Makala ya mkoromo ni fupi na ni ya lazima: mgonjwa anayekatika pumzi usiku apewe rufaa, asiongezewe mazoezi. Ipo pia kumbukumbu ya joto la Houston baada ya kimbunga Beryl, Julai 2024, umeme ulipokatika kwa wateja zaidi ya milioni 2.

Toleo lijalo ukurasa uko wazi kwa wanaonipinga. Ila anayetaka kuandika kwamba usingizi si kazi yetu aambatanishe ratiba ya miadi ya kliniki yake, tuone wagonjwa wa zamu ya usiku amewapangia saa ngapi.