Siri ya Turkana Iko kwenye Faili za Kakuma

Tukitaja ujasusi, wengi huwaza ramani za jeshi na ndege zisizo na rubani. Hapa Kenya, Sheria yetu ya Siri za Serikali ya mwaka 1968 iliandikwa kwa fikra za kijeshi kama hizo. Lakini huku Turkana, toka Lodwar ushike barabara ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kilomita 120 hivi, utakuta kitu ambacho jasusi wa kigeni angekitamani kuliko ramani: majina ya watu walioikimbia serikali yake.

Tangu 2013, mkimbizi Kakuma hubonyeza kidole kwenye mashine ndipo apate mgao wa chakula. Mama ambaye vidole vimechubuka kwa kuni hupangusa, akajaribu tena, foleni ikingoja nyuma yake. Foleni hiyo ni ya chakula tu. Kwingineko yako maelezo ya mahojiano ya kuomba hifadhi: kijiji chake, jamaa aliowaacha, aliyemtesa. Askari aliyetoroka hutaja kikosi chake na makamanda wake. Hiyo ni siri ya kijeshi, ila haiko mikononi mwa jeshi.

Hatari ya kufikiwa na serikali uliyoikimbia si ya kufikirika. Januari 2017, Dong Samuel Luak na Aggrey Idri, wakosoaji wa serikali ya Sudan Kusini, walitekwa Nairobi. Mwaka 2019 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema yaelekea sana waliuawa Sudan Kusini. Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wamezifikia taarifa za watu zaidi ya 515,000. Na Oktoba 2024 Kenya yenyewe ilikiri kuwarudisha wakimbizi wanne Uturuki. Kwa hiyo mlango haufunguliwi na wadukuzi peke yao.

Wako wanaotaka mashine ziondolewe kabisa. Siungi mkono, kwa kuwa kabla ya mashine udanganyifu wa kadi za mgao uliwanyima chakula wenye haki. Ila mashine ya mgao inahitaji kujua jambo moja tu: huyu anastahili au la. Faili la mahojiano likae mbali nayo, na kila afisa anayelifungua aache jina lake na saa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 tunayo, nayo huruhusu taarifa kutumiwa kwa ridhaa ya mwenyewe, lakini ridhaa ya mtu mwenye njaa si ridhaa. Bunge lifanye kuwa jinai ya ujasusi kumpa mjumbe wa serikali ya kigeni taarifa za mkimbizi, hata kama anayezitoa ni afisa wetu.