Namba ya Joto: Tuidai kwa Pamoja

Ndugu zangu wa Tanga, Pangani, Bagamoyo, Dar es Salaam, Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara,

Kaskazi ikishaanza kuvuma, Desemba hadi Machi, malalamiko ni yale yale: jua linachoma lakini betri haijai, na feni inazima kabla ya usiku wa manane. Analaumiwa fundi, inalaumiwa betri, mwisho tunaambiwa tuongeze paneli nyingine. Kabla hatujatoa hela tena, nawaomba tukubaliane jambo moja: mtu wa pwani asinunue paneli ya sola bila kuonyeshwa namba yake ya joto, na ununuzi wenyewe tuufanye kwa vikundi.

Wati zilizoandikwa kwenye lebo nyuma ya paneli hupimwa maabara, paneli ikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya mabati yetu, saa saba mchana, paneli hiyo hiyo hufika nyuzi 60 hata 70. Paneli hutaka mwanga. Joto huipunguzia nguvu. Kila nyuzi moja inayozidi 25 hukata sehemu ya wati zake, na sehemu hiyo ndiyo namba ya joto. Paneli nyingi za teknolojia ya zamani hupoteza karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi. Zile za teknolojia mpya zaidi, ziitwazo TOPCon, hupoteza kama 0.3, na ziitwazo HJT karibu 0.25. Paneli ikifika nyuzi 65, yaani 40 zaidi ya zile za maabara, ya kwanza imepoteza asilimia 16, ya pili 12, ya tatu 10. Kwa nyumba yenye wati 1,000 juu ya paa, tofauti ya ya kwanza na ya mwisho ni wati 60. Hiyo ni feni moja.

Anayeumia zaidi ni mwenye paneli moja ndogo ya kuchajia betri ya volti 12. Kinachoshuka kwa joto hasa ni volti. Paneli ya volti 18 ikiwa imebabuka kwa jua hubaki na kama 15, na betri ya asidi inahitaji karibu 14.4 ndipo ijae. Ukitoa zinazopotelea kwenye waya mwembamba unaoshuka kutoka kwenye paa, betri inabaki nusu huku jua likiwa la utosi.

Sisemi kila mtu anunue ya bei mbaya. Mwenye paa kubwa anaweza kuchukua ya 0.4 na kuongeza paneli moja, mradi amepiga hesabu mapema. Lakini hesabu haipigwi bila namba, na namba hii mara nyingi haipo kwenye lebo. Ipo kwenye karatasi ya vipimo inayotoka kiwandani, ambayo muuzaji hataitafuta kwa ajili ya mteja mmoja. Mtu mmoja akiiuliza, huambiwa achukue tu, ina waranti. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kikundi kina nguvu nyingine pia. Paneli kubwa husafirishwa kwa paleti, na paleti moja mara nyingi hubeba 30 na zaidi. Kaya kumi zikihitaji paneli tatu kila moja, oda hiyo si ya kubembeleza. Mwenye duka mwenyewe ataipigania.

Basi tufanye hivi. Kila VICOBA, kila SACCOS, kila kamati ya msikiti au kanisa iteue watu wawili: mmoja mwepesi wa hesabu, mwingine fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Oda iandikwe: wati, namba ya joto, na vyeti vya ubora na usalama vya IEC 61215 na 61730. Sisi wa karibu na bahari tuongeze IEC 61701, ambacho ni kipimo cha kustahimili chumvi.

Wawili hao waende dukani na futi kamba. Paneli nzuri za majumbani leo hutoa kama wati 200 hadi 230 kwa mita moja ya mraba. Ukikuta paneli yenye urefu wa sentimita 100 na upana wa 67, na lebo inasema wati 250, lebo hiyo ni ya uongo. Kwa ukubwa huo, 150 ni za kushukuru. Ukikuta uongo wa namna hiyo, piga picha ya lebo, shika risiti ya EFD, na kikundi kipeleke malalamiko TBS na Tume ya Ushindani, kwa barua yenye sahihi za wote.

Wakati wa kufunga, msimamieni fundi aache nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya paneli na mabati, upepo upite chini. Huku kwetu kusini mwa ikweta paneli ielekezwe kaskazini, iinamishwe angalau digrii 10 ili mvua ioshe vumbi na chumvi.

Na kwenye mikutano ya mitaa na vijiji tupeleke ombi moja kwa madiwani na wabunge wetu: wauzaji walazimishwe kubandika namba ya joto dukani, kwa Kiswahili, pembeni ya bei.

Ajenda hii iingie kwenye kikao kijacho cha kikundi chako, kabla kaskazi haijarudi. Mwenye duka akisema karatasi ya vipimo hana, tumuage kwa heshima, sote kwa pamoja, twende duka la pili.