Kampuni ya simu ikibadilisha masharti, nani ana haki ya kutoka?

Mwezi wa Oktoba 2025 kampuni ya simu ya O2 huko Uingereza iliwatangazia wateja wake wa malipo ya mwezi kwamba bei itapanda zaidi ya walivyoambiwa. Wengi walikuwa wameahidiwa nyongeza ya pauni 1.80 kwa mwezi kila ifikapo Aprili. Badala yake ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2026 nyongeza hiyo itakuwa pauni 2.50. Tofauti ni peni 70. Mtu aliyekaa Maskati anaweza kusema peni 70 ni kitu gani, haifiki hata besa 400.

Lakini habari ile iliingia kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na ilipofika huku ilikuwa imeshageuka. Nimeletewa mara nne ujumbe unaosema kwamba Uingereza sasa kila mtu anaruhusiwa kuvunja mkataba wa simu bila ya kulipa kitu. Mara mbili umetoka kwa watu wenye watoto wanaosoma huko. Ujumbe ule si wa kweli, na kijana akiufuata anaweza kujiharibia kwa miaka. Kwa hiyo nimeona bora nilieleze jambo lenyewe kama lilivyo, kwa sababu nyumba nyingi za Waswahili hapa Omani, Dubai na Doha zina mtoto au ndugu Uingereza, na bili ya simu yake mara nyingi inalipwa na baba au mama aliyeko huku.

Uingereza mawasiliano yanasimamiwa na taasisi inayoitwa Ofcom. Kwa kanuni zake, kampuni ikitaka kubadilisha masharti ya mkataba lazima imwarifu mteja angalau mwezi mmoja kabla, na imwambie waziwazi kama ana haki ya kutoka bila ya kutozwa. Akiwa nayo, anapewa angalau mwezi mmoja wa kuamua, tangu siku aliyoarifiwa. Haki hiyo haipo mabadiliko yakiwa ni ya faida kwa mteja tu, au ni ya kiofisi yasiyomdhuru, au yameletwa moja kwa moja na sheria ya nchi. Hili la mwisho sisi tunalijua vizuri. Tarehe 16 Aprili 2021 Omani ilipoanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, bili zetu zilipanda siku hiyo hiyo, na hakuna aliyeweza kwenda dukani kusema mkataba umevunjwa. Kodi haikuwa uamuzi wa kampuni.

Lakini watu wengi wanakwama pahali pengine. Nyongeza iliyoandikwa ndani ya mkataba tangu siku ya kutia saini haihesabiwi kuwa ni mabadiliko. Umeshaikubali. Kampuni ikikwambia wakati unajiunga kwamba kila Aprili bei itapanda kwa pauni kadhaa, Aprili ikifika na bei ikapanda kwa kiasi hicho hicho, huna mlango. Unao pale tu kampuni inapotoka nje ya kile mlichoandikiana. O2 iliahidi 1.80 ikataka 2.50, ndipo ikalazimika kuwaachia wateja hao siku 30 za kuondoka. Mteja wa kampuni nyingine, ambayo haikubadilisha kitu, hakuhusika hata kidogo.

Binti yangu yuko mwaka wa pili wa chuo huko Leicester, na simu yake ni ya kampuni nyingine. Alipopata ile habari alinipigia: "Baba, nami si natoka?" Nikamwambia aniletee ule waraka wa muhtasari wa mkataba, ambao kwa kanuni za huko lazima mteja apewe kabla ya kujifunga. Tukausoma pamoja. Nyongeza imo, kwa pauni na peni, pamoja na mwezi wake. Basi ikawa hapana, akae mpaka mkataba wake umalizike.

Inafaa tuone ile pauni na peni imetoka wapi. Zamani mikataba ya Uingereza ilisema bei itapanda kwa kiwango cha mfumuko wa bei pamoja na asilimia 3.9 juu yake. Mwaka 2023, mfumuko ulipokuwa juu, baadhi ya wateja walijikuta wamepandishiwa asilimia 14.4, na wengine, kwa kipimo kingine cha mfumuko, asilimia 17.3. Nani anaweza kuyajua hayo siku ya kununua simu? Ofcom ikapiga marufuku. Kwa mikataba inayofungwa kuanzia tarehe 17 Januari 2025, nyongeza yoyote lazima itajwe kwa pauni na peni na isemwe itaanza lini. Lengo ni mteja ajue mapema kila kitu.

Miezi tisa baadaye, O2 ikabadilisha namba yenyewe. Ofcom ilisema haikufurahishwa na kwamba jambo lile linakwenda kinyume na roho ya kanuni, na waziri wa teknolojia, Liz Kendall, akaiandikia Ofcom akitaka suala la nyongeza za katikati ya mkataba liangaliwe upya. Kampuni kwa upande wake inasema haikuvunja kanuni. Na mimi, nikiwa mkweli, naona kwa maandishi inasema sawa. Kanuni inaruhusu kubadilisha, sharti mteja aachiwe aondoke. Wasiwasi wangu ni kwamba kampuni inajua wengi hawataondoka. Mtu anapata barua pepe, haifungui. Akiifungua, anaona maneno mengi, anasema nitasoma kesho. Mwezi unapita na mlango unafungwa.

Na ile hesabu ya pauni ina upande mwingine ambao sikuona ukizungumzwa sana. Nyongeza ya asilimia inampata kila mtu kwa kadiri ya anacholipa. Nyongeza ya kiasi kimoja haifanyi hivyo. Mwenye kifurushi cha pauni 50 akiongezewa 2.50 amepanda kwa asilimia 5. Mwanafunzi mwenye laini tupu ya pauni 10 akiongezewa hizo hizo 2.50 amepanda kwa asilimia 25. Ukweli umekuwa wazi zaidi, lakini mzigo umemwangukia anayelipa kidogo, na vijana wetu wengi wamo katika kundi hilo.

Kuna na suala la simu yenyewe. Siku hizi kampuni nyingi Uingereza hutenganisha mkataba wa laini na mkopo wa simu. Haki ya kutoka bure ni ya laini. Ukiwa umechukua iPhone kwa malipo ya miezi 24 au 36, deni la iPhone linabaki vilevile, na utalimaliza. Kwa kijana mwenye deni la pauni 700 la simu, kuambiwa yuko huru kuondoka ni maneno matupu kidogo. Ndiyo maana kila ndugu anayeniuliza humwambia, kama uwezo upo, nunua simu yako huku au kule kwa pesa taslimu, uchukue laini peke yake, tena ya mwezi kwa mwezi. Pesa nyingi zinatoka siku moja, lakini baada ya hapo hakuna wa kukushika.

Sasa yule ambaye kweli ana haki, afanye nini? Kwanza asikimbilie benki kuzuia malipo. Hili nalisisitiza, maana ndilo lililomo katika ule ujumbe wa WhatsApp: "Zuia benki tu, basi." Kuzuia malipo si kuvunja mkataba. Bili inaendelea kuandikwa, inakuwa deni, na deni hilo likishatiwa katika rekodi ya mikopo ya mtu hukaa humo miaka sita. Wenye nyumba na mawakala wa kupangisha hutazama rekodi hiyo. Benki pia. Kijana anaweza kumaliza chuo, akapata kazi, akakosa nyumba ya kupanga kwa sababu ya laini ya pauni 12.

Njia iliyo sawa ni nyepesi kuliko wanavyodhani. Tangu Julai 2019 mteja wa Uingereza anayetaka kuhama na namba yake hutuma neno PAC kwenda 65075, bila ya malipo, na hurudishiwa kodi inayodumu siku 30. Asiyetaka kubaki na namba hutuma STAC kwenda 75075. Ukiipeleka kodi hiyo kwa kampuni mpya ndani ya muda wake, huhamishwa siku ya kazi inayofuata, na mkataba wa zamani hufungwa wenyewe. Hakuna haja ya kupiga simu na kubembelezwa na mtu wa mauzo kwa nusu saa. Jibu la ujumbe huo linaonyesha pia kama kuna malipo ya kutoka mapema. Yakionekana ilhali unajua una haki ya kutoka bure, hapo usihame kwanza. Iandikie kampuni, taja tarehe ya taarifa waliyokuletea, sema unaondoka kwa sababu ya mabadiliko yale, na uiweke nakala. Wakikataa, kila kampuni ya simu Uingereza lazima iwe imejiunga na chombo huru cha usuluhishi, na mteja halipi kitu kupeleka malalamiko yake huko.

Nirudi nyumbani, maana mambo haya si ya Uingereza peke yake. Hapa Omani wengi wetu tunatumia laini za kulipia kabla, na mwenye laini hiyo hana haja ya kuvunja mkataba. Kifurushi kikibadilishwa asikipende, anahama. Namba inahamishika tangu 2006, na tangu Vodafone ilipoingia mwanzoni mwa 2022, ikiwa ya tatu baada ya Omantel na Ooredoo, pa kuhamia pameongezeka. Wenye mikataba ya mwaka au miaka miwili, hasa waliochukua simu au intaneti ya nyumbani, ndio wanaotakiwa kusoma karatasi zao. Malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe, na usiporidhika unayapeleka kwa mamlaka ya mawasiliano, TRA.

Kinachonikera huku ni lugha. Mama yangu ni katika wale waliorudi kutoka Unguja baada ya 1970. Kiswahili ndiyo lugha yake, Qur'ani anasoma, lakini Kiarabu cha barua za kampuni hakimwingii, na Kiingereza hana. Mwaka jana kampuni moja, jina lake naliweka kando, ilimletea ujumbe kwamba kifurushi chake kinaondolewa na atahamishiwa kingine chenye bei ya juu zaidi, isipokuwa akikataa kabla ya tarehe fulani. Kwake ulikuwa ujumbe kama zile za matangazo zinazomjia kutwa. Akaufuta. Tulikuja kujua salio lilipoanza kuisha kabla ya mwezi. Kwa maandishi aliarifiwa, na kwa maandishi alikubali.

Nilipouliza barazani nikakuta si yeye peke yake. Siku hizi katika familia yetu wazee wote wamejua: ujumbe wowote wa kampuni ya simu wenye tarehe ndani yake usifutwe, upelekwe kwa mjukuu kwanza. Mjukuu mwenyewe analalamika kwamba anapelekewa na matangazo ya pizza. Avumilie.

Na walio na watoto Uingereza kwa O2, mlango ule ulikuwa wa muda tu tangu ile barua pepe ya taarifa. Siku 30 zilihesabiwa tangu ilipotumwa, na zimeshapita.