Roboti Nazo Hukwama Kwenye Foleni

Juzi mwanangu aliniuliza, "Mama, roboti nazo hukwama kwenye foleni?" Nikamwambia, tena sana.

Hapa Columbus, jirani na kwetu Gahanna, hospitali ya Chuo Kikuu cha Ohio State ina roboti zinazobeba chakula, shuka na takataka. Kisa changu ni cha hospitali nyingine, jimbo jingine. Usiku mmoja roboti mbili zilikutana uso kwa uso kwenye ujia mwembamba, kila moja ikingoja mwenzake ipishe. Ya tatu ikaja nyuma, ikaziba pa kurudi. Ni kama daladala kichochoroni Manzese, ila hapa hakuna konda wa kushuka kubishana. Mgonjwa wangu, bibi wa watu, alilala kwenye shuka zilizolowa mpaka fundi alipofika.

Mkwamo huu Mholanzi Edsger Dijkstra aliueleza mwaka 1965, akizungumzia kompyuta: kila mmoja ameshikilia anachokihitaji mwenzake, na hakuna anayeachia. Dawa mojawapo ni kuugawa ujia vipande, na programu moja itoe ruhusa. Roboti isiingie kabla haijahakikishiwa pa kutokea. Ikingoja, ingoje penye nafasi.

Wanafunzi wetu wa kompyuta mlioko Louisville na Buffalo, kazi hii inawahitaji. Mnapopanga njia za roboti, kumbukeni kwamba mwisho wa ule ujia kuna mgonjwa anasubiri.